Joto linaniulia uyoga kwenye chumba cha giza, nichukue AC ya matairi ya BTU ngapi? (Mtwara)

Bibi_Mamama:
Habarini wapendwa. Niko Mtwara mjini huku Chuno, nalima uyoga mamama ndani ya nyumba mwaka wa pili sasa na nawauzia mama lishe na hoteli mbili tatu za hapa mjini. Kipindi cha kusi sina shida yoyote, mwezi wa sita mpaka wa nane chumba chenyewe kinakaa nyuzi 24, 25, utando mweupe wa uyoga unatembea vizuri, siku ishirini tu mfuko umekuwa mweupe pee kama umepakwa chokaa. Balaa linaanza mwezi wa kumi na moja kaskazi ikishashika. Saa nane mchana kile kisaa cha kupimia joto kinasoma 32 chumbani, siku moja nikachomeka kipimajoto katikati ya mfuko kikasoma 36, nikashika kichwa.

Januari hii nimepoteza mifuko 140 kati ya 200. Inaanza na kidoa kijani kama unga wa mlonge pale shingoni karibu na pamba, kesho yake kimekuwa kama kisahani, keshokutwa mfuko mzima unanuka uchachu. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikaizika yote maana kuiacha pale ni kuambukiza mingine. Mabua ya mpunga nilichemsha kwenye pipa masaa manne kama kawaida yangu na mbegu zilikuwa nzuri, kwahiyo kosa silioni pengine zaidi ya joto.

Chumba ni mita 3 kwa 4, kwenda juu mita 2.7, tofali za saruji, juu bati na silingibodi, dirisha moja la vioo vya kusukuma linaangalia magharibi. Nimeziba kila tundu kwa silikoni na nailoni, mlango nimeuwekea raba ili vumbi na wadudu wasiingie. Nyumba ni ya kupanga na baba mwenye nyumba kaniambia wazi hataki ukuta utobolewe, ndo maana nawaza AC ya matairi ile yenye bomba la kutoa dirishani. Muuzaji mmoja ananiambia BTU 9000 (hicho kipimo cha nguvu ya kupoza) inatosha, mwingine anasema nichukue 12000 nisije jutia. Bajeti yangu ni kama milioni moja na sitaki kukosea tena, hii hela ni ya kuungaunga. Aliyewahi kutumia kwenye chumba kilichozibwa namna hii naomba aniambie ukweli.

Fundi_Baridi_Lindi:
Dada pole sana na hiyo mifuko. Mimi kazi yangu ni friji na AC, niko Lindi, uyoga siujui sana ila hilo la chumba kilichozibwa ngoja nikueleze taratibu kabla hujatoa hela, maana hao wauzaji wawili wanabishana namba wakati tatizo sio namba.

AC ya matairi yenye bomba moja inachukua hewa ya humohumo chumbani, inaipitisha kwenye kondensa, ile sehemu ya mashine inayotoa joto, ikabebe joto, halafu inaitupa nje kwa lile bomba. Sawa, sasa ile hewa iliyotupwa nje nani anairudisha? Chumba hakiwezi kubaki kitupu, kitavuta nyingine kutoka popote palipo na upenyo, chini ya mlango, kwenye kona ya dirisha, kwenye maungio ya silingibodi kule darini ambako ndo kuna joto na vumbi kuliko kote. Na kama kweli umeziba kila kitu hakuna hata upenyo wa sindano basi feni ya mashine inakosa hewa ya kusukuma, kondensa inachemka na kompresa, ile pampu ya gesi, inajizima. Kwahiyo chumba kilichozibwa na mashine ya bomba moja ni vitu viwili vinavyovutana, ama chumba hakijazibwa ama mashine haifanyi kazi.

Nimekaa nikapiga hesabu ya chumba chako. Mashine za saizi hiyo nyingi zinatupa nje hewa kama mita za ujazo 300 na kitu kwa saa, tuseme 320. Chumba chako kina mita za ujazo 32. Maana yake kila saa hewa yote ya chumba inabadilishwa mara kumi kwa hewa ya nje, na hewa ya nje ya Mtwara mwezi wa kwanza ni nyuzi 31 yenye unyevu asilimia 70. Kuitoa hiyo hewa hapo mpaka nyuzi 25 peke yake inakula karibu BTU 6,500 kwa saa, kwasababu unyevu nao ni mzigo, kugeuza mvuke kuwa maji kunataka nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sasa chukua 9000 yako toa 6,500, kinachobaki ndo kipambane na bati na ukuta wa magharibi na joto la mifuko. Hakitoshi. Hata 12000 haitoshi. Ndo maana huko Marekani walianzisha kipimo cha pili kinaitwa SACC kwa hizi mashine za matairi, mashine iliyoandikwa 14,000 kwenye boksi ukiipima kwa SACC mara nyingi inaangukia 10,000 au chini ya hapo, na hizi zinazofika kwetu boksi linakuonyesha ile namba kubwa tu.

Kama huniamini nenda kwa yeyote mwenye mashine ya hivyo, iwashe, funga mlango, kisha washa kijiti cha udi ukishike pale chini ya mlango. Utaona moshi unaingia ndani kama unavutwa na mtu. Huo moshi kwako wewe ni vumbi na ukungu.

Mikindani_Moja:
Fundi kasema kweli tupu. Mie nilikuwa nayo ya bomba moja kwenye kachumba ka kuhifadhia dawa za mifugo hapa Mikindani. Mchana feni inapiga unasikia ubaridi ukisimama mbele yake, ukienda upande wa pili wa chumba jasho. Na jambo ambalo hakuna muuzaji alinieleza ni maji, boksi limeandika inakausha maji yenyewe kupitia bomba, labda huko kwenye nchi kavu, hapa pwani tangi linajaa na mashine inazima yenyewe inawasha taa nyekundu. Saa tisa usiku naamka namwaga ndoo narudi kulala. Siku niliyosafiri kwenda Masasi nimerudi nakuta imezima tangu jana yake na chumba kina joto kuliko nje. Dada kwa uyoga ukilala mara moja tu umepoteza mzigo.

Kingine angalia soketi. Mie nilichomeka kwenye ekstensheni ile nyeupe ya kawaida, baada ya wiki plagi imekuwa ya kahawia na nusu ya tundu imeyeyuka, harufu ndo iliniamsha. Mashine ya kusukuma baridi isichomekwe kwenye ekstensheni kabisa.

Bibi_Mamama:
Aisee nashukuru sana, mngenichelewesha kidogo tu ningekuwa nimeshalipa. Hilo la kuvuta hewa ya darini limenitisha kuliko yote, mie nahangaika na silikoni kumbe mashine ingeninyonyea ukungu wote wa darini uje kwenye mifuko.

Sasa fundi naomba unisaidie, nimeona mtandaoni kuna za mabomba mawili, hizo je? Na umeme utakuwaje, maana luku yangu sasa hivi ni ya matumizi ya kawaida tu.

Fundi_Baridi_Lindi:
Za mabomba mawili ni afadhali mara nyingi tu, bomba moja linavuta hewa ya nje kupoza kondensa na lingine linaitoa, hewa ya chumbani haiguswi, kwahiyo chumba kinabaki kimezibwa kweli. Ila kuzipata huku kwetu ni kazi, mara nyingi unaagiza, na kelele na umeme wake bado ni mkubwa kuliko spliti (ile yenye mashine moja ndani na nyingine nje) ya uwezo huohuo. Pia lile bomba la kutolea linakuwa la moto, limelala humo chumbani kama pasi, inabidi ulizungushie godoro jembamba au blanketi. Kuna watu wanaibadilisha ya bomba moja kwa kuifungia boksi la plywood kwenye matundu ya nyuma na kuunganisha bomba la pili, nimeshaifanya mara moja, inawezekana kama matundu ya kondensa na ya kupozea hewa yametengana, yakiwa pamoja usijaribu.

Ushauri wangu usitafute ya matairi. Chumba chako mita za mraba 12, sisi mafundi tunaanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, hiyo ni 7,200, ongeza bati, dirisha la magharibi na mifuko, 9000 ya spliti au ya dirishani inakutosha kwasababu yote inabaki kazini, hakuna inayokimbilia nje. Chukua ya inveta.

Kuhusu ukuta wa baba mwenye nyumba kuna njia. Lile dirisha lako la kusukuma lina vipande viwili, toa kipande kimoja cha kioo, weka ubao wa plywood uliokatwa saizi ileile, tundu la mabomba unalitoboa kwenye ubao sio kwenye ukuta. Mashine ya nje usiitundike, iweke chini juu ya matofali mawili chini ya dirisha. Ukutani kinabaki kibao cha mashine ya ndani chenye skrubu nne tano, hizo unaziba kwa simenti nyeupe siku ukihama. Mwandikieni karatasi kabisa kwamba utarudisha kioo na kuziba matundu, wenye nyumba wengi wakiona maandishi wanalegea. Hapo naona na wewe utahama na mashine yako, haibaki ukutani kwa mtu.

Umeme. Ya matairi ya 9000 inakula kama kilowati moja wakati wote maana haifikii joto uliloiwekea ikapumzika. Masaa 16 ni uniti 16, kwa hii bei ya uniti ya kama 350 hivi ni shilingi 5,600 kwa siku, mwezi 168,000. Inveta ikishapoza chumba inajipunguza yenyewe, chumba kikiwa kimezibwa vizuri unaweza kukuta wastani wa wati 400, ukiiacha masaa 24 ni uniti 9.6, kama 3,400 kwa siku. Tofauti ya mwezi ni zaidi ya elfu 60. Iwekee waya wake wa milimita 2.5 kutoka kwenye boksi la swichi na stebilaiza yenye kuchelewesha, umeme ukikatika na kurudi papo hapo kompresa inataka ipumzike dakika tatu mpaka tano ndo iwake, ikilazimishwa inakufa.

Usiiweke 18 ukidhani chumba kitapoa upesi, haiendi upesi, iweke 24 uiache. Na kwasababu ya upepo wa bahari ile mashine ya nje imwagie maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, sio kwa presha, kwa jagi tu. Kule Shangani nimefungua mashine za miaka mitatu mapezi yake yanamong'onyoka mkononi kama biskuti.

Mzee_wa_Newala:
Salaam mwanangu. Mimi uyoga naujua kidogo maana naulima huku juu Newala, huku usiku kunapoa kuliko kwenu pwani ila nimewahi kulima Mtwara pia. Fundi kaeleza mashine vizuri, mimi nakuja kwenye uyoga wenyewe.

Kwanza umesema chumba kimoja. Mifuko ya giza na mifuko ya mwanga unaiweka humohumo? Kama ndiyo hapo ndipo penye shida kubwa kuliko BTU. Mfuko ukiwa kwenye giza, utando unatembea, hauhitaji hewa mpya nyingi, hewa chafu inayotoka kwenye mabua haiusumbui, kwahiyo chumba kilichozibwa ni sawasawa kabisa. Lakini ukishatoboa mfuko ili uyoga utoke, sasa unapumua kama mtu, unataka hewa. Chumba kilichozibwa kitakupa uyoga wenye shingo ndefu nyembamba na kofia ndogo kama kichwa cha msumari, umewahi kuona? Watu wanadhani ni mbegu mbaya, sivyo, ni hewa.

Tena mamama ukikomaa unatoa vumbi jeupe jingi, hizo ni mbegu zake, ukiamka asubuhi unakuta sakafu na mashelfu yana unga. Huo unga ukiingia kwenye mapezi ya AC unaganda na ule unyevu unakuwa kama uji, mashine inaziba ndani ya miezi michache. Na mapafu yako nayo vilevile, mimi nilikohoa mwaka mzima kabla sijaanza kuvaa barakoa wakati wa kuvuna, tafadhali mwanangu vaa, na vuna kabla kofia haijafunguka ikawa bapa.

Halafu AC inakausha hewa. Mifuko ya giza imefungwa na pamba haitaumia, ila uyoga unaotoka unataka unyevu asilimia 80 mpaka 90, utapigana na mashine yako mwenyewe, wewe unamwagilia yenyewe inanyonya.

Kwahiyo fanya hivi, AC iwe ya chumba cha giza peke yake, wiki tatu zile ambazo joto ndo linaua. Mifuko ikishakuwa meupe kabisa inakuwa na nguvu, itoe nje kwenye kibanda cha makuti chini ya mwembe, ukuta wa neti na magunia, mwagilia asubuhi na jioni. Usitegemee magunia ya maji kupoza sana kipindi cha kaskazi, hewa yenu imeshashiba maji, utapata nyuzi mbili tatu basi, lakini uyoga unaotoka unavumilia 28 vizuri ukiwa na hewa. Miezi ile ya moto sana lima mamama wa pinki, unapenda joto, ila uuze siku hiyohiyo maana haukai, hata friji haiusaidii.

Na kabla hujanunua chochote, weka makuti juu ya bati. Panda kwenye stuli saa tisa alasiri uguse silingibodi kwa kiganja, kama huwezi kukiacha hapo mpaka uhesabu ishirini basi joto lako linatoka juu, sio ukutani. Makuti ya mnazi yaliyosukwa, safu mbili, yawekewe fito yasigusane na bati ili upepo upite katikati. Dirisha la magharibi nalo lipe kivuli kwa nje, pazia la ndani halisaidii sana, jua likishapita kioo limeshaingia.

Mifuko usiipange imegusana kama matofali, acha nafasi ya vidole vinne, ile 36 uliyoipima katikati ya mfuko ni kwasababu mfuko wenyewe unatoa joto na jirani yake naye anatoa. Na nisikie mtu kakushauri maganda ya korosho kwasababu ni ya bure huko, usiguse, mafuta yake yanababua mikono yako na uyoga nao hauyapendi.

Bibi_Mamama:
Mzee shikamoo. Umenigusa penyewe, shingo ndefu na kofia ndogo ninazo, tena nyingi, nilikuwa namlaumu aliyeniuzia mbegu. Na ndiyo, nimekuwa naweka yote chumba kimoja, giza upande mmoja kwa turubai jeusi na mwanga upande mwingine. Kikohozi pia ninacho tangu mwezi wa tatu, nilidhani ni vumbi la barabarani.

Silingibodi nimegusa leo saa tisa na nusu. Nimefika sita nikatoa mkono.

Mikindani_Moja:
Dada makuti hapa Mikindani yapo, chukua yaliyosukwa wiki hii yakiwa bado na ukijani kidogo, yaliyokauka sana yanavunjika ukiyafunga. Uliza na mtu wa kupanda juu ajue kutembea kwenye misumari, bati likibonyea mvua ikija utalia.

Bibi_Mamama:
Narudi na majibu, zimepita siku kumi na sita. Makuti yamepanda juu, safu mbili na fito kama mzee alivyosema, na dirisha nimelipa kivuli cha mkeka kwa nje. Jana saa nane mchana jua kali kabisa chumbani ilisoma 29, kipindi kilekile nje kivulini ni 31. Silingibodi nimeshika mpaka nimechoka kuhesabu. Mifuko yote ya mwanga nimeitoa, kibanda kiko chini ya mwembe, na uyoga uliotoka wiki hii kofia zimekuwa pana kama kiganja, mama lishe wangu kaniuliza kama nimebadili mbegu.

Kwa baba mwenye nyumba nimeenda na karatasi na mjumbe wa mtaa. Kasoma mara mbili, kakubali dirisha na skrubu, ukuta wa nje hapana. Kwahiyo ni ileile ya fundi, mashine ya nje chini juu ya matofali. Spliti ya 9000 ya inveta nimeipata, imezidi bajeti yangu ila nimeongea na muuzaji nalipa kwa awamu mbili.

Fundi nimepima kile kipande cha kioo, upana sentimita 58 kimo 112. Plywood ya milimita 18 inatosha au nitafute nene zaidi?

Fundi_Baridi_Lindi:
18 inatosha dada. Ipake rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, kingo hasa maana ndo zinakunywa maji, iache ikauke siku mbili kabla sijaitoboa. Usimwambie mtu mwingine atoboe, tundu liinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasirudi ndani. Na bomba la maji ya mashine tutalipeleka kwenye ndoo kule kibandani, yale maji hayana chumvi, yanafaa kumwagilizia magunia. Nakuja Jumanne na basi la asubuhi, nitafutie ngazi.